Taa Iliyofungwa Fundo

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila kisigino changu kimoja kinalalamika kwa sababu ya viatu vipya. Baba amepona kikohozi, na mama anasema yeye ndiye aliyepona zaidi, maana sasa analala. Dada amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Kila anayemwona anasema amekufuata wewe, kwa sababu akilia hataki kubembelezwa.

Sasa kaa vizuri nikupe habari: nimepata kazi! Niko kampuni ya maji, makao makuu, Ukumbi wa Malalamiko. Mlangoni pangu pameandikwa Msimamizi wa Vifaa na Umeme. Walipouliza nimesomea wapi, niliwaambia nimekaa miaka minne kwa shangazi yangu fundi umeme, nikifanya naye kazi bega kwa bega. Hawakuuliza zaidi.

Ukumbi wenyewe ni hivi. Watu ambao mabomba yao yamekauka wanakuja, wanachukua namba kwenye mashine, wanakaa kwenye mabenchi kungoja dirisha. Mbele yao Mkurugenzi ameweka tangi la samaki, lita mia nne za maji safi, na samaki sita wekundu. Alisikia kwamba mtu akitazama samaki hasira inashuka. Mtu anakuja hajaoga siku tano, anakalishwa mbele ya maji hayo atulie.

Tatizo ni taa iliyo juu ya tangi. Ikiwaka dakika kumi, kumi na mbili, soketi ya ukutani inakata. Ni ile soketi ya usalama, yenye kitufe katikati. Ikikata inaondoka na mashine ya namba, kompyuta ya dirisha la tatu na birika la Mkurugenzi. Foleni inasimama, na waliokuja na hasira ya maji wanaongeza ya umeme. Nimebadilisha tyubu mara tatu na soketi mara mbili. Soketi mpya nazo zina woga ule ule.

La kufanya ninalijua, usidhani silijui. Nataka tu kulinganisha mawazo yangu na yako.

Mwanao,
Msimamizi wa Vifaa na Umeme

Nyongeza: Barua yako ya mwaka mpya niliisoma kwa taabu, mwandiko kama kuku amepita kwenye wino. Mkono haujapona tu tangu uanguke kwenye ngazi?


21 Februari

Tochi mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mwambie dada yako asimbembeleze, amwache alie mpaka achoke, ndivyo tulivyolelewa na hatukufa.

Na wewe nitakuita Tochi mpaka naingia kaburini, hata wakikuandika mlangoni kwa dhahabu. Miaka minne uliyokaa kwangu hukushika koleo hata siku moja. Ulishika tochi, na nusu ya muda ulimulika dari huku unawaza mambo yako. Leo ni bega kwa bega! Haya, hongera. Uongo wako una bahati kuliko ukweli wa watu wengine.

Mkono ni ule ule, vidole viwili havikunji. Ngazi ni ngazi, tuyaache.

Mimi nina la kunisononesha. Tangu ulipoondoka taa yangu moja imetoweka stoo, taa ndefu ya tangi la samaki, ya bati. Sikuwa naitumia, na si taa ya mtu kuitumia. Aliyeingia stoo mwezi ule ni mmoja tu, jirani yangu mshonaji, alikuja kuazima ndoo. Na siku zote analia kwamba cherehani yake haina mwanga. Nilimwambia usoni arudishe. Akanitazama, akaweka kikombe chini, akaenda zake. Miaka ishirini na sita tumekaa ukuta kwa ukuta, kila alasiri chai pamoja, na sasa tunapitana kama hatujuani.

Tuje kwenye soketi yako. Kwanza, haina woga. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukirudi pungufu hata kidogo, inajua kuna mahali unavuja, na inakata kabla uvujaji huo haujapata mtu wa kupitia. Wewe unayeibadilisha kila ikikata unamfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

Fanya hivi. Chomoa kila kitu. Bonyeza kitufe. Chomeka feni peke yake siku nzima. Soketi isipokata, soketi ni nzima. Kisha ichukue taa ukaichomeke kwenye soketi nyingine ya usalama, mbali na maji. Ikikata na huko, mgonjwa ni taa. Tazama pia waya: kabla ya kupanda kwenye soketi ushuke chini kwanza, ili tone la maji likiteremka nao lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye plagi.

Niandikie taa hiyo ikoje. Ni ya bati au plastiki? Plagi ina miguu mingapi? Na mliinunua wapi?

Shangazi yako


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto amepewa jina lako la utani, ukisikia watu wanakuteta usishtuke. Baba amenunua baiskeli na tayari ameanguka nayo. Mama hakucheka mpaka alipohakikisha hajavunjika.

Maelekezo yako niliyapeleka juu. Mkurugenzi akasema jambo hili ni zito kwa mtu mmoja, akaunda Kamati ya Taa, wajumbe saba. Kuna mtu wa sheria, mtu wa mawasiliano, mpiga chapa, na wengine wanne ambao sijaelewa wanafanya kazi gani lakini wanakula mandazi vizuri. Mimi ni katibu.

Tulifanya majaribio. Feni ilizunguka siku nzima, soketi haikukata. Taa tukaipeleka jikoni kwa wafanyakazi, mbali na tangi. Soketi ya usalama ya huko ikakata dakika ya kumi na mbili, birika likazima, chai ya kamati ikapoa. Baada ya majadiliano marefu kamati ikafikia uamuzi kwamba soketi zote mbili zina ugonjwa mmoja, na huenda unaambukiza. Nimeandika hivyo kwenye kumbukumbu. Katibu haruhusiwi kubishana na kamati.

Kuna jambo dogo. Mama wa usafi ndiye anayesugua kioo cha tangi kila Jumatatu, mkono ndani ya maji mpaka kwapani. Anasema siku nyingine, kabla soketi haijakata, anahisi kama sisimizi wanamtambaa mkononi. Kamati ilimwambia ni baridi ya maji.

Uliuliza taa ilinunuliwa wapi. Mambo ya ununuzi yana idara yake, mimi siingilii.

Kuhusu jirani, Shangazi, usimwonee mtu. Vitu vya stoo hupotea tu. Kwani taa yenyewe ulikuwa unaihitaji?

Mwanao


24 Machi

Tochi,

Marahaba. Niko mzima. Mvua imenyesha, paa halikuvuja. Salamu zimekwisha.

Sisimizi hao si sisimizi na si baridi. Mama huyo asitie mkono kwenye maji taa ikiwa imechomekwa. Asitie! Kuizima kwa swichi hakutoshi, plagi itoke ukutani, ailaze sakafuni aione kwa macho yake ndipo akunje mkono wa nguo. Mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Ana watoto?

Taa yenu ni mgonjwa, na kamati yenu imempima ikaandika kwamba anayeumwa ni kitanda. Ndani ya bati kuna choki, kile kidude kizito kinachowasha tyubu. Kikichakaa kinavujisha umeme kwenye bati. Taa ikipata joto uvujaji unaongezeka, mvuke wa tangi nao unaingia, ndiyo maana inakaa dakika kumi kwanza. Taa ya namna hiyo haitengenezwi. Inatupwa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Maswali yangu matatu kuhusu taa, umejibu sifuri.

Mshonaji ameshona pazia zito, ameliweka kwenye dirisha linalotazama kwangu. Limeshonwa vizuri, sitasema uongo. Chai nainywa peke yangu na mara nyingi namwaga.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, mtoto ameanza kucheka, ingawa anachekea ukuta.

Usiwe na wasiwasi tena, tatizo limepata ufumbuzi. Mwenyekiti wa Bodi atakuja kuzindua Ukumbi wa Malalamiko tarehe 12 Mei, na Mkurugenzi amekataa kumpokea gizani. Alituita wote, akapiga meza, akauliza, "Soketi gani inaogopa maji katika kampuni ya maji?" Basi ameamuru soketi ya usalama iondolewe, iwekwe ya kawaida, isiyokata ovyo. Nilijaribu kusema neno. Akaniambia, "Wewe si mtaalamu? Au tulikosea mlangoni?" Nitaifunga Jumamosi tarehe 17, ofisi ikiwa tupu. Ni ya muda tu, uzinduzi ukipita nitairudisha ya zamani.

Mama wa usafi nilimwambia achomoe plagi. Msimamizi wake akamkataza, kwa sababu wateja wanatakiwa waone samaki muda wote wa kazi. Lakini kamati imemfikiria, imeidhinisha glavu za mpira. Ya kushoto imeshafika. Ya kulia iko kwenye mchakato. Ana watoto watatu, uliuliza.

Taa siwezi kuitupa. Sababu ni za kiofisi, ukiwa nje huwezi kuzielewa. Lakini usifikiri nimekaa tu. Hata kuifikisha hapo ilipo ni ujuzi wangu. Waya ulikuwa haufiki kwenye soketi, umefungwa fundo kubwa la ajabu katikati, limekaza kama jiwe. Nikalifungua mwenyewe kwa meno. Ukafika vizuri na ukabaki. Mkurugenzi alinipongeza mbele ya watu.

Mwanao,
Msimamizi


16 Aprili

Leo sina salamu.

Nimekupigia simu, hupokei, na barua hii haiji kwa posta. Nimempa dereva wa lori la mbao, nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimpe mtu mwingine.

Fundo lilikuwa na mizunguko mitatu, na plagi imepitishwa katikati mara mbili. Ndivyo? Ni langu. Kitu chochote nikiona hakifai tena kuwashwa, nafunga waya wake fundo, mpaka usifike kwenye ukuta wowote. Wengine huandika karatasi, lakini karatasi hubanduka. Miaka minne umeyaona mafundo hayo stoo kwangu, ukadhani shangazi anapenda unadhifu. Kosa ni langu pia. Sikukuambia, kwa sababu hukuuliza, na mimi nilikuwa naona raha kuwa na mtu wa kumshikia tochi tu.

Taa hiyo ilikuwa ya daktari wa meno, ya chumba cha wagonjwa kusubiri. Soketi yake ilikuwa inakata kama yenu. Nilimwambia taa ni mbovu, akasema wagonjwa wake wanapenda samaki, nifanye chochote angalau kwa muda, mpaka aagize nyingine. Nilijua. Mimi niliyewagombeza watu miaka thelathini, nilijua. Lakini alikuwa mteja mkubwa, na aliniita bingwa mbele ya watu, nikavimba kichwa. Nikatoa soketi ya usalama, nikaweka ya kawaida. Ya muda tu! Umeandika maneno yangu, mwanangu, kama uliyasikia.

Siku ya pili nilirudi kunyoosha taa ilipokaa. Mkono mmoja ulishika bati, mwingine ulitumbukia majini. Sikumbuki kingine. Walinikuta sakafuni. Kilichoniokoa ni umeme wa mtaa, ulikatika wenyewe, si akili yangu.

Hakukuwa na ngazi. Ngazi niliizua kitandani, wewe ukiwa likizo kwa wazazi wako, kwa sababu nilishindwa kumwambia mtu yeyote kwamba fundi mzima amejiua kidogo kwa kosa la mwanafunzi. Fundo hilo ulilolifungua kwa meno nililifunga kwa mkono wa kushoto na meno.

Kama uongo wangu usingekuwepo ungeijua taa hiyo kwa kuiona, usingeigusa. Kama wako usingekuwepo ningekuambia tangu Februari. Mama wa watoto watatu amesimama katikati ya uongo wetu wawili, na mkono wake uko majini.

Usiifunge soketi hiyo. Kama umeshaifunga, itoe. Wakikufukuza, wakufukuze.


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo ndiyo naiandika nikiwa namaanisha.

Soketi ya kawaida nilikuwa nimeshaifunga, Jumamosi. Jana Jumatatu taa iliwaka tangu asubuhi bila kukata, ukumbi mzima unang'aa, Mkurugenzi amepita mara mbili akipiga makofi.

Dereva wako alifika saa mbili. Mlinzi akamwambia hakuna anayeonana na mfanyakazi bila namba. Akachukua namba themanini na nne, akakaa kwenye benchi na barua yako mfukoni, anatazama samaki. Na kwa kuwa soketi haikukata, mashine haikuzima, foleni ikaenda mbio kuliko siku zote. Ingekuwa soketi yako yenye woga, foleni ingekuwa bado iko kwenye namba ishirini. Lakini pia, ingekuwa yako, barua isingekuwa na haraka. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kimeuma.

Saa nne kasoro akaitwa dirishani, akaulizwa malalamiko yake. Akasema, "Sina malalamiko. Nina barua ya shangazi." Wakaniita.

Nilisoma nimesimama. Sikufika mwisho. Nilifika penye mkono mmoja kwenye bati na mwingine majini, nikainua macho. Mama wa usafi alikuwa juu ya kigoda, glavu moja mkono wa kushoto ameshikilia bati la taa kujizuia asianguke, na glavu yenyewe imechanika kidole gumba. Mkono wa kulia mtupu, tambara limo vidoleni, unashuka kwenye maji. Sikumgusa. Angalau hilo nililikumbuka, uliwahi kulisema nikiwa namulika dari, kwamba mtu aliye karibu na umeme hashikwi. Niliruka benchi, nikavuta plagi. Nilivuta mpaka nikaanguka nayo.

Aliniuliza, "Baba, una nini?" Tambara lilikuwa halijalowa.

Nilikaa sakafuni, mbele ya namba themanini na tano hadi mia na kumi, nikalia. Watu wakadhani nimekatiwa maji.

Taa niliichukua mimi. Unajua tayari, lakini acha niiseme kwa kinywa changu. Niliichukua siku naondoka, nikiitaka kwa chumba changu. Kwenye usaili Mkurugenzi alisema samaki wake hawaonekani, nikasema ninayo taa ya kitaalamu, zawadi kwa kampuni. Kazi niliipata hapo. Ndiyo maana sikuweza kuitupa, na ndiyo maana nilikuwa naandika barua, sikupiga simu wala kupokea zako. Kwenye simu ungenijua kwa kupumua tu.

Nimelifunga fundo upya, mizunguko mitatu, plagi katikati mara mbili. Halikukaza kama lako. Soketi ya usalama Mkurugenzi ameifungia kabatini kwake, na nilipokwenda kuidai aliniuliza kama fundo hilo lina kibali cha kamati.

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine, ya jirani yako mshonaji. Mpe tafadhali. Usiisome.

Tochi


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wote hawajambo, na baba ameacha baiskeli. Nakuandikia habari za uzinduzi kabla hujazisikia zimetiwa chumvi, ingawa hizi hazihitaji chumvi.

Mwenyekiti alifika. Tangi lilikuwa giza, taa iko juu yake na fundo lake, waya unaning'inia. Mkurugenzi alikuwa amenitishia mpaka dakika ya mwisho, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya soketi kama kipa. Mwenyekiti akauliza, "Humo mna nini?" Mkurugenzi akasema, "Samaki, mheshimiwa. Wanapumzika."

Kisha Mwenyekiti akaegemea nguzo iliyopakwa rangi asubuhi ile kwa heshima yake. Viganja vyote viwili vikawa bluu. Akaomba maji anawe. Tukakimbia maliwatoni, bomba likakohoa, likatoa hewa. Bomba la jikoni, hewa. Makao makuu ya kampuni ya maji, Shangazi, hayakuwa na tone. Watu kwenye mabenchi walianza kucheka, mmoja akamwambia mgeni, "Mheshimiwa, chukua namba."

Basi Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaliona tangi, akapandisha mikono ya koti, akazamisha yote miwili. Akanawa kabisa, bati la taa linamgusa paji la uso. Nilimtazama Mkurugenzi. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu, macho yake yako kwenye plagi ile iliyofungwa fundo, anahesabu alichokuwa ameamuru.

Soketi ya usalama ilitoka kabatini alasiri ile ile. Mkono wa mama wa usafi ulihitaji kamati ya watu saba, na glavu ya kulia mpaka leo haijafika. Mkono wa Mwenyekiti ulihitaji dakika saba. Lakini imerudi, nimeifunga mwenyewe, nimebonyeza kitufe mara kumi.

Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Nimepewa barua ya kuachishwa, kosa: kuficha ukweli kuhusu asili ya taa na elimu yangu. Sina cha kubisha, yote ni kweli. Waliofuta jina mlangoni wamebakiza neno Vifaa. Mama wa usafi alinisindikiza mpaka getini akiwa na watoto wake wote watatu. Aliwaambia wanipe mkono mmoja mmoja. Samaki wanaendelea vizuri.

Kamati imebadilishwa jina, sasa inaitwa Kamati ya Fundo. Taa niliichukua, si mali yao. Iko nami, na fundo lake.

Jirani alisema nini?

Tochi


30 Mei

Tochi mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile ya Aprili ambayo sikuijibu.

Mimi sijambo. Barua yako nilikwenda nayo kwa mshonaji siku ile ile, sikuisoma, ingawa nilijaribu kuitazama kwenye jua bahasha ikanishinda. Nilisimama nje ya pazia lake nikabisha hodi kama mgeni. Aliisoma akiwa amekaa kwenye cherehani, mara mbili, akaikunja akaiweka kwenye kikasha cha vifungo. Hajaniambia uliandika nini na sitamuuliza.

Nilimwomba radhi kwa ajili ya taa. Nilidhani hilo ndilo gumu. Kisha nikaona mficha uchi hazai, nikamweleza na la mkono, daktari wa meno, soketi, yote. Nikamwambia, wewe ndiye mtu wa kwanza nyumba hizi kusikia kwamba sikuanguka kwenye ngazi.

Akakata uzi kwa meno, akasema, "Nilijua. Ngazi yako ilikuwa kwangu mwezi ule mzima, nikipaka dari rangi."

Miaka miwili, mwanangu! Kila alasiri ameninywesha chai, amenisikiliza nikisimulia nilivyoanguka, safari nyingine naongeza na vidato, na ngazi yenyewe iko nyuma ya mlango wake. Hakuniaibisha hata siku moja. Na huyo ndiye niliyemwita mwizi. Nililia, na mimi kama mtoto wa dada yako sikubembelezwa. Alinipa kikombe, akaendelea kushona.

Pazia ameliondoa. Amesema kitambaa ni kizuri, atamshonea mtoto gauni.

Sasa sikiliza. Watu wanaendelea kuja na pasi zao, na feni zao, na soketi zinazokata. Ninazijua zote kwa kuzisikia tu, lakini vidole havifiki. Huko wamekufuta mlangoni, njoo huku kusiko na mlango wa kuandikwa. Koleo liko pale pale lilipokuwa miaka minne ile, hukuwahi kuliona kwa sababu ulikuwa unamulika dari. Taa irudishe, tutaitundika ukutani na fundo lake, na kila atakayeingia atauliza, na wewe ndiye utakayemjibu.

Njoo na mikono yote miwili. Safari hii tochi nitashika mimi.

Shangazi yako